Shika Mpaka Nije

"Kaa chini."

"Sikai."

"Kaa, mwanangu. Kikao hakijaisha."

"Kwenu hakijaisha. Kwangu kimeisha. Naondoka, na anayetaka kunizuia asimame tuone."

Hakusimama mtu. Viti vile ni vya kuzama, ukishakaa magoti yanasahau kazi yake.

"Unakwenda wapi?"

"Mpakani."

"Kuna nini mpakani?"

"Kuna mtu nilimwambia ashike. Nakwenda kumwambia aachie. Neno moja tu, mama. Nalisema, narudi."

"Ulimwambia lini?"

"Siku ile niliyokuja. Siku nne hizi."

Wakacheka, meza nzima. Kiti cha Tano alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa tai yake.

"Siku nne!" alisema Mama Kwanza. Yeye ndiye mkuu wa Meza, kikongwe mwenye sauti laini kama ya nesi anayekutafuta mshipa. "Mwanangu, una miaka tisa humu ndani."

"Miaka tisa gani? Hata ndevu hazijaota."

"Haziwezi kuota. Chumba hiki hakimzeeshi mtu. Wanaozeeka ni wale wa nje."

Nikajipapasa kidevu. Laini, kama siku niliyoingia. Nilitaka kumtukana, ila mtu humtukani mama wa umri ule hata kama ndiye anayekumaliza. Nikabaki nimeshikilia mgongo wa kiti changu, kichwani kuna kitu kimoja tu: miaka tisa, na Atupele ameshika.

Ngoja nikueleze, maana ukinifuata hivi hivi utadhani ni ugomvi wa kazini.

Chumba cha Meza hakina dirisha. Ukutani kuna saa saba na kila moja inasema lake, na hakuna hata moja inayosema saa ya kwetu. Viti ni saba. Ukiingia unaacha jina mlangoni, kama watu wanavyoacha viatu, halafu unaitwa kiti. Mimi nilikuwa Kiti cha Saba. Jina langu ni Ambakisye, mpakani walinifupisha wakaniita Amba, na ninaliandika hapa mapema kwa sababu kuna wakati mle ndani nililitafuta nikalikosa. Nilikumbuka linaanza na mdomo wazi, basi.

Kazi ya Meza ni moja. Kusema hela ya nani ina uzito gani. Nilipokuwa mdogo nilidhani kuna mashine mahali fulani inayopima, kubwa kama ya kukobolea kahawa, inanguruma usiku na mchana, na wataalamu wameizunguka. Hakuna mashine. Kuna watu saba na birika la chai. Mmoja anasema hela ya nchi fulani imekuwa nzito mno, tuipunguze. Wanatazamana. Halafu wanapiga meza kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa saba. Ikishapigwa imepigwa. Mahali fulani mama mmoja anafika dukani anakuta mkate umekuwa mara mbili, anamgombeza muuza duka, muuza duka anaapa kwa Mungu kwamba si yeye. Na kweli si yeye.

Asubuhi ile, kabla ya ugomvi, ilikuwa zamu ya korongo. Korongo ndiyo hela ya kwetu, noti yenye picha ya ndege amesimama mguu mmoja. Mama Kwanza alisema korongo imelala. Kule mpakani watu wameikumbatia, hawaiuzi, hawaibadilishi, imeganda. Hela isiyotembea inawaumiza wengine wote. Leo saa sita mchana iwe nusu ya ilivyo. Tukapiga. Na mimi nilipiga. Usinionee huruma hapo. Kiganja changu kilikuwa cha saba wala hakikusita, mkono ulishazoea. Ni baada ya kupiga, kiganja kinawaka moto, ndipo nikamsikia Atupele anapuliza chai.

Nilimsikia kabisa. Anapuliza mara tatu fupi, anaonja, anasema bado.

Nilifikaje pale? Shule niliishia kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu aliandika swali ubaoni, nikasema jibu kabla hajashusha chaki. Akasema onyesha njia. Nikamwambia mwalimu, njia sina, jibu ninalo. Akasema nimeibia. Nikatoka, daftari nikaliacha wazi juu ya dawati, na mpaka leo sijui kama kuna aliyelifunika. Nikaenda mpakani, kwenye mstari wa wabadilisha hela, kule ambako ukungu haunyanyuki mpaka saa nne na watu wanauziana wakiwa wamevaa makoti mawili mawili. Upande wetu korongo, upande wa pili hela yao, kambare, katikati geti lenye bomba la chuma la kunyanyua na kushusha. Sisi tulisimama hapo na mikoba yetu tumboni.

Na nilikuwa nasikia bei. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Kila hela ina mlio wake sikioni, kama nyuki aliyeingia kwenye chupa, ikitaka kupanda mlio unakuwa mwembamba, ikitaka kushuka unakuwa mnene. Wenzangu walidhani nina dawa. Siku moja akaja mtu wa suti ya kijivu kubadilisha hela kidogo tu, nikamwambia bwana, subiri robo saa, utapata zaidi. Alisubiri, akapata. Akanitazama kama mtu aliyeokota pete kwenye mchele. Akanipeleka kwenye ghorofa la vioo mjini, nikakaa mbele ya skrini sita nikinunua hela za dunia nzima na kuziuza bila kuzishika. Sikuwahi kuona noti hata moja mle. Nilikuwa nashinda nikisikiliza. Nikawatajirisha. Halafu wakubwa wa benki za nchi zote, wale wanaokaa wanaamua sheria za hela, wakasema kijana huyu anajua huko chini kunanuka vipi, mleteni Mezani.

Sasa kuhusu neno.

Pale mstarini tuna desturi yetu. Ukiambiwa na mwenzako "shika", maana yake amenusa kwamba hela uliyonayo itapanda, usiiuze. Unashika. Na ukishaambiwa shika, huruhusiwi kuachia mpaka yule yule aliyekwambia aje mwenyewe, kwa miguu yake, asimame mbele yako, aweke mkono juu ya mkoba wako aseme "achia". Simu haikubaliki. Barua haikubaliki. Zamani wezi walikuwa wanapiga simu kwa sauti za watu, waliwamaliza wengi, ndiyo maana ikawa hivyo. Ukiachia kabla, hakuna mtu mstarini atakayebadilishana na wewe tena maisha yako yote. Wanakupa mgongo tu. Kwa hiyo neno lile mtu halisemi ovyo. Wengine wamezeeka hawajalisema hata mara moja.

Mimi nililisema asubuhi ya kwenda Mezani, nilipopita mpakani kuaga. Gari la watu wa suti linanguruma barabarani, Atupele amekaa kwenye kreti la soda, kikombe mkononi. Tulikuwa tumesimama jirani miaka mitatu, mkoba wangu na wake. Nilikuwa najua anapopenda kukaa jua likitoka. Nilikuwa najua anahesabu noti kwa midomo bila sauti na akifika hamsini anainua nyusi. Nilikuwa najua kila kitu isipokuwa namna ya kumwambia. Nikasimama pale kama mjinga. Moyo unataka kusema nisubiri, Atu. Mdomo ukasema, "Shika."

Akaacha kupuliza chai. "Umesemaje?"

"Shika. Mpaka nije."

"Una uhakika, Amba? Hilo neno zito."

"Siku nne," nikamwambia. "Nakwenda, narudi."

Na korongo ilikuwa inapanda kweli, usinielewe vibaya, mlio ulikuwa mwembamba kama uzi. Lakini sikusema kwa ajili ya mlio.

Turudi chumbani.

"Mwache aende," Mama Kwanza aliwaambia wenzake.

Wote wakamgeukia. Na mimi nikamgeukia.

"Ana siri ya Meza kifuani," alisema Kiti cha Pili. "Saa sita bado. Akiropoka je?"

"Haropoki. Anakwenda kusema neno moja la kwao. Si ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo."

"Basi nenda. Uwahi. Jina lako lipo mlangoni, ukipenda lichukue."

Nilitegemea anizuie. Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi. Mtu ukijiandaa kusukuma mlango kwa bega halafu ukafunguka wenyewe, unaanguka. Nilianguka hivyo, nikiwa nimesimama.

Nje ya chumba kuna korido. Nilipoingia siku ile, au miaka ile, ilikuwa hatua ishirini. Sasa haikuwa na mwisho. Pande zote mbili milango, na kila mlango chini yake unapita mwanga wa asubuhi ya mahali fulani. Nilipita mlango ambao nyuma yake watu wanapanga foleni nje ya benki iliyofungwa, nilisikia miguu yao inavyosugua lami kwa uvumilivu. Nilipita mlango mwingine nikasikia baba anamwambia mtu, hapana, zile za mwaka jana zilitosha ng'ombe wawili, leo zinatosha kamba ya kumfungia. Nikaijua ile hela. Tuliipiga Jumanne. Au tuliipiga mwaka ambao Jumanne ilichukua miezi minane. Nilivua tai nikaiacha kwenye kitasa. Zulia likaisha, ikaja sakafu ya saruji. Saruji ikaisha, yakaja matope.

Hivi bei ni nini? Nijibu wewe uliyesoma. Mimi nimeishi ndani ya bei tangu nina miaka kumi na sita, nimekula bei, nimelala na bei sikioni, na bado sijui. Chukua noti ya korongo. Karatasi. Ukiichoma inanuka kama karatasi nyingine yoyote. Nimezunguka nayo kichwani nikitembea ile korido, na nikaona kwamba uzito wake wote unatoka kwa mtu mmoja aliyekaa mahali, anayeamini kwamba kesho kuna mtu atakuja kuipokea. Basi. Hakuna kingine. Hela ni mtu anasubiri. Ukitaka kuipunguza, huhitaji kugusa karatasi, unampunguza anayesubiri. Na sisi saba tulikuwa tunakaa kwenye viti vya kuzama tunapunguza kusubiri kwa watu, kwa kiganja, huku tunakunywa chai ambayo haipoi.

Na mimi ninayesema haya nimemsubirisha mtu.

Nimemsubirisha, na sitaki kudanganya, nilikuwa napenda. Mle ndani, kila nilipochoka, nilikuwa nawaza: kuna sehemu moja duniani mtu ameshika kwa sababu nimemwambia. Nilikuwa naivuta ile fikra kama blanketi. Dunia nzima inauza na kununua, inanigeuza, inaniita kiti, ila Atupele amekaa kwenye kreti la soda, mkoba tumboni, hauzi. Nikawa mtu kwa sababu ya mkoba ule. Nikifika nikasema achia, nini kitabaki kinachomfunga na mimi? Nilisimama katikati ya matope nikajiuliza hilo. Nilisimama muda mrefu. Nikajua naweza kugeuka. Naweza kurudi kukaa, na saa sita ipite, na yeye aendelee kushika hela iliyokufa, aendelee kuwa wangu mpaka meno yamtoke.

Nikatembea. Sijui kwa nini, sikuwa mwema. Nadhani nilitaka tu kumwona.

Ukungu ulinipokea kabla ya mpaka. Ule ule, wenye harufu ya majani ya migomba na moshi wa kuni mbichi. Nilitaka kulia nikaona aibu. Halafu nikaona bomba la geti, limepakwa rangi mpya, na mstari wa watu na mikoba yao, na sura nyingi sizijui.

"Ugonile, bwana mkubwa!" Mtu alinisalimia kwa lugha ya nyumbani kwa kejeli. "Unabadilisha nini? Hiyo suti? Suti hatuchukui, itatuvaa."

Watu wakacheka. Alikuwa mnene, kipara kimeanza mbele. Nikamtazama meno. Lusajo. Tulianza naye siku moja pale mstarini, alikuwa mwembamba kama mshale, ndiye aliyekuwa anapaza bei ya asubuhi.

"Lusajo," nikasema.

Kicheko kikamkauka. Akanisogelea mpaka pumzi yake ikanigusa.

"We mwana," alisema taratibu. "Amba? Mbona hukui? Umekula nini huko? Mimi nina watoto wanne, goti hili haliinami, na wewe uko vile vile kama picha ya kitambulisho!"

"Atupele yupo?"

"Atakuwa wapi?" Akatema mate pembeni. "Unajua ulichotufanyia, wewe? Ulimwambia shika. Sawa. Sisi tukaona ameshika. Tukasema Amba anakaa na wakubwa wa dunia, ana sikio, kama amemwambia shika basi kuna jambo. Mwaka wa kwanza nikashika na mimi. Mwaka wa pili mstari mzima. Sasa hivi ukienda kijiji chochote hapa, chini ya kitanda kuna korongo. Tunakula kwa kambare, tunanunua kwa kambare, korongo tumelalia. Tunakungoja wewe."

Nikasimama pale ukungu unaniingia mdomoni. Korongo imelala, alisema Mama Kwanza. Watu wa kule mpakani wameikumbatia. Aliyeilaza ni mimi. Na nikaelewa kwa nini mlango ulifunguka wenyewe. Wao walikuwa wamepiga meza, sawa, lakini kupiga meza kunaacha alama ya mikono. Nikiweka mimi mkono juu ya mkoba wa Atupele mbele ya mstari, nikasema neno, wote watauza kwa mkupuo, na korongo itaanguka yenyewe kabla ya saa sita. Meza itasema, jamani, wameiangusha wenyewe. Mama mzee yule hakuniachia mlango. Alinituma.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Tano na nusu. Kwa nini? Kuna nini, Amba?"

Nikampita.

Atupele alikuwa mwisho wa mstari, karibu na geti, amekaa. Si kreti tena, ni kiti cha plastiki cha buluu chenye ufa. Amejifunga shuka juu ya koti. Nilimjua kwa jinsi alivyoshika kikombe. Uso sikuujua mara moja. Ulikuwa umetulia, umekaza, kama uso wa mtu aliyesimama kwenye upepo mpaka upepo ukaacha kumsumbua. Nywele za pembeni zina mvi. Mimi nina miaka ishirini na mbili na yeye ana thelathini na moja. Tulikuwa tunalingana.

Akaniona. Hakusimama. Akapuliza chai mara tatu, akaonja.

"Siku nne," alisema.

"Atu."

"Usiniite hivyo bado. Umekuja na neno au umekuja kutazama?"

"Nimekuja na neno."

"Sema basi."

Nikashindwa. Nimekwambia tangu mwanzo mdomo wangu huwa unanigeuka. Nilisimama mbele yake na suti yangu isiyo na tai, viatu vimejaa matope, na kila kitu nilichokitaka kwa miaka tisa au siku nne kilikuwa kimekaa kwenye kiti chenye ufa kinanitazama, na nilijua nikifungua mdomo kinaondoka.

"Walikuja kukuposa?" nikauliza. Ndilo swali lililotoka.

Alicheka kidogo kwa pua. "Wawili. Mmoja alikuwa mwalimu, mtu mzuri, anahamia kusini. Akasema twende. Nikamwambia nimeambiwa nishike, nikiondoka mstarini nimeachia. Akadhani namkataa kwa njia ya adabu. Mama yangu alilazwa hospitali ya mkoa, wiki sita. Nilikwenda kumwona Jumapili tu, geti likifungwa. Alifariki Jumatano. Endelea kuuliza."

"Kwa nini hukuachia? Kwa nini, Atu? Hela tu ile."

"Hela tu?" Sasa akasimama. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, mkanda wa mkoba umelichimba. "Wewe uliyelisema unaniambia hela tu? Ningeachia ningekula wapi? Nani angenipa chenji? Ungeniambia nisubiri, Amba, ningekusubiri. Siku nne, mwezi, mwaka ningekusubiri kwa kupenda. Halafu ningechoka, kama watu wanavyochoka. Ningelia, ningeolewa, ningeishi. Lakini hukuniomba. Ulinifunga kwa neno la kazi, mbele ya mstari, halafu ukapanda gari."

"Niliogopa ungekataa."

"Si ndiyo raha ya kuombwa?"

Lusajo alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyohema. Kwenye ukuta wa kibanda cha afisa wa geti saa ilikuwa inaonyesha dakika kumi na nane kabla ya sita. Nikifunga mdomo, watu hawa wote wanakufa na noti zao, na yeye pamoja nao, ameshika. Nikiufungua, wanakufa vile vile kwa namna nyingine, wanakanyagana, wa kwanza anaokoka, wa mwisho anabeba. Hakuna mkono wangu ambao ulikuwa safi. Ila kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa amefungwa, na fundo nimelifunga mimi, na dunia nzima hakuna mwingine anayeweza kulifungua.

Nikaweka mkono juu ya mkoba. Ulikuwa wa moto, kama ubavu wa mnyama.

"Achia," nikasema.

Alifumba macho. Akavuta pumzi moja ndefu, ikaenda, ikaenda, nikadhani haitarudi.

Nyuma yangu Lusajo alipaza sauti ile ya zamani. "Inauzwa! Korongo inauzwa!" Na mstari ukapasuka. Watu walikimbilia geti, walikimbilia madereva wa malori, mikoba inafunguka, noti zinaanguka kwenye matope na hakuna anayeinama. Mwingine aliita jina la mkewe alete za chini ya kitanda. Na nikasikia sikioni mlio wa korongo unanenepa, unanenepa, mpaka ukawa kama pipa linaloviringishwa.

"Uza," nikamwambia. "Atu, fanya haraka. Bado robo saa. Uza kwa yeyote."

"Yeyote nani?"

Akanionyesha kwa kidevu. Upande wa pili wa bomba kulikuwa na mwanamke ametoka nchi ya kambare, ndoo ya miche kichwani, amenyanyua kambare zake mkononi anatafuta korongo za kwenda kununulia mbolea sokoni kwetu. Hakujua chochote. Alikuwa anatabasamu kwa sababu leo anaitwa na watu wengi.

"Yule?" alisema Atupele. "Nimuuzie yule?"

"Kama si wewe, atauziwa na mwingine."

"Ndivyo mnavyosemezana huko mezani?"

Kiganja kiliniwasha.

Akauvua mkanda kutoka begani, polepole, kama mtu anayevua bandeji. Akanivisha mimi shingoni. Mkoba ule ulikuwa mzito, sikuwahi kubeba hela nzito vile, mimi niliyezoea kuzisikia tu.

"Umejua wewe, beba wewe," alisema. "Miaka tisa sijamuuzia mtu kilichooza, sianzi leo."

"Utakula nini?"

"Nitajua. Mikono yangu imerudi."

Akainyoosha mbele yake akaitazama, pande zote mbili. Akamalizia chai yake iliyopoa, akakiweka kikombe juu ya kiti cha buluu. Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, bwana mkubwa wa benki za dunia, ndipo lilipotoka. Lilitoka bila kuitwa.

"Atu. Naomba unisubiri. Nikashughulikie haya, nirudi. Naomba tu. Nisubiri."

Akanitazama. Uso ukalegea kidogo, kwa mara ya kwanza nikamwona yule wa zamani, yule wa kuinua nyusi akifika hamsini.

"Hapana, Amba," alisema, kwa upole, akionja neno. "Hapana."

Akageuka. Akainama akapita chini ya bomba la geti, akampita mwanamke wa miche, akamnong'oneza kitu sikioni, yule mama akazifumbata kambare zake akarudi alikotoka. Atupele hakusimama kumtazama. Akaingia kwenye ukungu wa upande wa pili, bega moja chini, anatembea ameinama kidogo kushoto, kama mtu ambaye bado amebeba.